Unyayo Usioinuka: Mwongozo Kamili wa Fiziotherapia, Kuanzia Siku za Kwanza hadi Upasuaji wa Kano

Keti kitini, weka visigino vyote viwili sakafuni, kisha inua sehemu ya mbele ya nyayo. Mguu mzima hufanya hivyo bila wewe kuuwazia. Mguu wenye tatizo la unyayo usioinuka hukataa kabisa, au huinuka kidogo na kuanguka. Mtu akitembea, vidole hukwaruza ardhi, soli ya kiatu huisha mbele upande mmoja, na ili asijikwae huinua goti juu kama anayevuka dimbwi. Kisha unyayo mzima hutua kwa kishindo, wakati kisigino ndicho kingepaswa kutangulia.

Kabla ya zoezi lolote nataka ulielewe jambo moja. Kasi ya kupona kwa neva (mshipa wa fahamu unaoupa msuli amri) huiamui wewe, wala mtaalamu, wala dawa ya kuchua. Lakini kifundo kukakamaa, kidonda kuchimbika chini ya unyayo, na kuanguka ukavunja nyonga, hayo yanazuilika nyumbani kwako. Wapo ambao neva yao ilirudi ikakuta kifundo kimeshakaza, kisigino hakigusi chini, na msuli ulioamka hauna nafasi ya kufanya kazi. Inaumiza kuona hivyo, kwa sababu dakika chache za kunyoosha kila siku zingetosha kuzuia. Ndiyo maana katika mwongozo huu kulinda kunatangulia kuimarisha.

Hatua ya kwanza: chanzo kijulikane

Msuli unaoinua unyayo uko mbele ya mguu, kando ya muundi. Neva inayouamuru hutoka chini ya mgongo, hupita kwenye tako, hushuka nyuma ya paja, kisha huzunguka upande wa nje wa mguu chini kidogo ya goti. Papasa hapo kwa kidole: utagusa nundu ya mfupa mwembamba wa nje. Neva imepita hapo chini ya ngozi tu, haina nyama ya kuikinga. Kwa hiyo huumia kwa plasta ngumu iliyobana (ile wengi huiita P.O.P), kwa kukaa saa nyingi umepishanisha magoti, kwa kuchuchumaa muda mrefu shambani wakati wa kupandikiza mpunga au kupalilia, kwa mgonjwa aliyekonda kulala ubavu mmoja siku nyingi, na kwa kuumia goti katika ajali ya bodaboda.

Neva hiyohiyo inaweza kuumia juu zaidi. Sindano ya tako iliyochomwa pasipofaa ni chanzo cha kweli katika nchi zetu, hasa kwa watoto. Aliyechomwa mara nyingi hukumbuka maumivu yaliyoshuka papo hapo hadi unyayoni. Diski ya mgongo (kisahani laini kati ya pingili) ikitoka mahali pake hubana mzizi wa neva pale inapoanzia. Kisukari huichosha taratibu. Na katika kiharusi neva yenyewe ni nzima kabisa, ila ubongo haupeleki amri.

Ukoma usisahaulike. Bado upo Tanzania, Kongo na kwingineko, nao huipenda sana neva hii ya chini ya goti. Kama una baka kwenye ngozi lisilohisi mguso, au ile neva ya nje ya goti imenenepa na inauma ukiibonyeza, nenda kituo cha afya wiki hii. Dawa za ukoma hutolewa bure, na neva iliyodhoofika chini ya miezi sita mara nyingi hupewa dawa ya kutuliza uvimbe, nayo inaweza kuokolewa. Ukichelewa, nafasi hiyo hupotea.

Mtaalamu wa fiziotherapia atajaribu misuli mmoja mmoja. Atakuomba uinue unyayo, uinue dole gumba, ugeuze unyayo nje, kisha uugeuze ndani. Hilo la mwisho lina maana kubwa: neva ikiwa imebanwa gotini, kugeuza ndani hubaki na nguvu, ikiwa tatizo liko mgongoni, mara nyingi nako hudhoofika. Usiondoke kliniki bila kuuliza: ni neva au ni ubongo? Na kama ni neva, imeumia wapi? Majibu hayo ndiyo yanayoamua muda wa kusubiri na mazoezi yanayokufaa.

Zipo hali ambazo hazisubiri miadi ya kliniki. Unyayo ukilegea ghafla pamoja na mdomo kupinda, mkono kuishiwa nguvu au maneno kutotoka vizuri, huo ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo. Maumivu ya mgongo yakiambatana na ganzi sehemu za siri, mkojo kuziba au haja kutoka bila kujua, nenda hospitali usiku huohuo. Miguu yote miwili ikilegea na udhaifu ukapanda juu siku hadi siku, vivyo hivyo. Na kama umefungwa plasta na maumivu yanazidi badala ya kupungua, vidole vimevimba, vimekuwa baridi au vimebadilika rangi, rudi ikapasuliwe. Usimwonee haya daktari aliyeifunga.

Hatua ya pili: andika unapoanzia

Chukua daftari. Wataalamu hupima nguvu kwa namba 0 hadi 5, na wewe unaweza kujifunza kipimo hicho. Sifuri ni pale ambapo hakuna kinachotokea hata ukijitahidi. Moja, ukiweka vidole vya mkono kando ya muundi unausikia msuli ukitikisika ingawa unyayo hauendi. Mbili, unyayo unasogea ukiwa umelala ubavu, lakini ukiketi hauwezi kupanda. Tatu, unapanda ukiwa umeketi, ila ukisukumwa kidogo unaanguka. Nne, unastahimili msukumo wa wastani. Tano ni sawa na mguu wa pili.

Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla hujachoka. Andika pia sehemu zenye ganzi, na kama kisigino kinagusa sakafu ukisimama bila viatu. Anayeweza kutembea apime sekunde anazotumia kwa mita 10 za sakafu tambarare, akiwa na mtu pembeni. Neva hupona polepole kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe haoni tofauti. Ukurasa wa mwezi uliopita ndio utakaomwonyesha.

Hatua ya tatu: linda kifundo na ngozi

Hatua hii inaanza siku ya kwanza na haina likizo.

Unyayo usioinuka huning'inia chini mchana na usiku, na misuli ya shavu la mguu pamoja na kano ya kisigino hujikunja ikazoea ufupi huo. Kwa mtu aliyelala kitandani huanza ndani ya wiki chache tu. Dawa yake ni kunyoosha, na namna ya kunyoosha ina maana kubwa kuliko nguvu unayotumia.

Msaidizi ashike hivi. Mgonjwa amelala chali, goti limenyooka. Kiganja kikamate kisigino kwa chini, na sehemu ya ndani ya mkono, kati ya kiwiko na kiganja, ilale juu ya unyayo. Sasa vuta kisigino kuelekea upande wako huku ukiegemea mbele ili mkono usukume unyayo kuelekea kwenye muundi. Unyayo ubaki sawa, usipinde ndani wala nje. Ukifika pale panapovuta, shikilia kwa sekunde 30, legeza, rudia mara 5. Fanya asubuhi na jioni, halafu rudia goti likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu msuli wa ndani zaidi hauvutiki goti likinyooka. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kusukuma vidole peke yake: katikati ya unyayo panakunjika, unadhani kifundo kimeinuka kumbe kisigino hakijasogea.

Aliye peke yake aketi kitandani miguu imenyooka, apitishe kanga au taulo chini ya sehemu ya mbele ya unyayo na kuvuta ncha zote mbili kwa usawa. Anayeweza kusimama atazame ukuta, mguu dhaifu nyuma, kisigino chini, vidole vikielekea mbele kabisa, kisha aegemee. Kama mguu una ganzi, mtu mwingine akuangalizie, kwani maumivu ya kukuonya hayapo.

Usiku, blanketi zito lisilalie vidole. Toa ncha zake nje ya godoro au weka kiboksi cha kulibeba. Unyayo uegemezwe kwenye mto mgumu ili usimame wima, au uvalishwe banzi la usiku, yaani kifaa kigumu cha kuushikilia usianguke. Angalia pia ile nundu ya nje ya goti: isikandamizwe na ukingo wa kitanda wala mto. Mchana, acha kupishanisha magoti na acha kuchuchumaa. Choo cha shimo kinaweza kuwekewa kiti kilichotobolewa katikati, na fundi seremala yeyote wa mtaani atakitengeneza. Kwa anayeswali, kikao cha tahiyatu huulaza unyayo na kuukandamiza chini ya uzito wa mwili. Kwa miezi hii swali juu ya kiti, ruhusa ya mgonjwa ipo.

Sasa ngozi. Kila jioni kagua unyayo wote mahali penye mwanga, hata kati ya vidole. Kama huwezi kuinama weka kioo chini, au mwite mtoto mwenye macho mazuri. Unatafuta wekundu, joto sehemu moja, lengelenge, ufa, msumari au mwiba ambao hukuusikia. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko au kwa mguu usio na ganzi. Usikae mguu ukielekea kwenye jiko la mkaa. Usitembee peku, wala kwenye mchanga wa pwani saa saba mchana. Chandarua kichomekewe vizuri, maana panya hung'ata vidole visivyohisi na mtu huamka akiona damu tu. Ngozi iliyokauka ipakwe mafuta ya nazi au vaselini baada ya kuoshwa. Mwenye kisukari asiloweke miguu kwa muda mrefu na asipake mafuta kati ya vidole. Kidonda kikitokea, hata kidogo na hakiumi, kukikanyaga ndiko kunakokikuza. Acha kukanyagia mguu huo na ukioneshe kliniki.

Hatua ya nne: uamshe msuli

Kwa aliye kwenye 0, 1 au 2. Msuli unaoanza kupata neva upya huchoka haraka sana. Kuusukuma mara 50 mfululizo hakuharakishi chochote, kunauchosha tu. Fanya mara 5 hadi 8, pumzika, urudie baada ya saa kadhaa, mara nne au tano kwa siku.

Anza kwa kuinua nyayo zote mbili pamoja, macho yakiangalia, huku msaidizi akiubeba ule dhaifu hadi juu. Akili iseme "panda" kila mara, hata kama hakuna kinachoonekana. Ukifika juu, msaidizi apunguze mkono wake kidogo nawe ujaribu kuuzuia usishuke. Kuzuia huja kabla ya kuinua. Mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya kurudi kwa nguvu, kwa hiyo iandike daftarini ikitokea.

Kisha lala ubavu, mguu dhaifu juu ya mto laini, goti limekunjwa kidogo. Katika mkao huo uzito wa unyayo hauvutwi chini, nao huweza kusogea mbele na nyuma hata ukiwa kwenye 2. Kwa aliyepata kiharusi kuna njia nyingine nzuri: keti, weka kiganja juu ya goti, jaribu kuinua goti huku kiganja kikilizuia kidogo. Wengi huona unyayo ukipanda wenyewe pamoja na goti. Tumia mwanya huo, kisha siku zinavyokwenda jaribu kuinua unyayo goti likiwa limenyooka zaidi na zaidi, kwa sababu hatua ya kutembea inahitaji hivyo.

Hatua ya tano: ujenge nguvu

Usiguse mpira wa kuvuta kabla ya kufika 3. Ukifika, kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, funga ncha moja kwenye mguu wa meza nzito, nyingine izungushe juu ya unyayo karibu na vidole, ukiwa umevaa soksi. Keti ukiitazama meza, mguu umenyooka, vuta unyayo kuelekea kwako. Mara 8 hadi 12, mizunguko mitatu, siku moja fanya siku moja pumzika. Ukiona unamaliza 12 bila shida, kaza mpira.

Kushusha kunastahili umakini kuliko kupandisha. Kile kishindo cha unyayo unapotembea hutokea kwa sababu msuli unashindwa kuushusha unyayo taratibu baada ya kisigino kugusa chini. Kwa hiyo kila ukivuta, rudisha polepole ukihesabu hadi nne. Nimeona watu wenye nguvu nzuri wakiendelea kupiga kishindo kwa sababu mazoezi yao yote yalikuwa ya kuvuta tu na kuachia.

Funga mpira upande wa ndani pia, ili ugeuze unyayo nje; misuli hiyo hupata neva ileile na ndiyo inayozuia kifundo kupinduka barabarani. Nyonga isiachwe. Lala ubavu wa mguu mzima, inua mguu dhaifu ukiwa umenyooka, vidole vikitazama mbele. Ongeza kuinuka na kuketi kitini bila kushika, na kusimama mguu mmoja kando ya meza. Anayeweza kuvuka chumba kwa visigino, vidole vikiwa hewani, amekaribia kumaliza kazi.

Ukiamka kesho yake unyayo ni dhaifu kuliko jana, ulizidisha. Punguza nusu.

Hatua ya sita: kutembea salama

Kuna mtazamo kwamba banzi huulegeza msuli, kwa hiyo mtu ajikaze bila hilo. Siukubali. Anayeburuta vidole anajifunza kutembea vibaya na ataanguka. Banzi linamwezesha kutembea zaidi, na kutembea ndiko zoezi lenyewe. Livae safarini na kazini, livue wakati wa mazoezi.

Banzi la plastiki hupita nyuma ya shavu la mguu na chini ya unyayo, likavaliwa ndani ya kiatu. Lililo jembamba na lenye kunepa linamfaa mwenye unyayo uliolegea. Gumu linamfaa mwenye mguu unaokakamaa na kupinda ndani. Lipimwe na fundi wa viungo bandia na visaidizi, ambaye huchukua umbo la mguu wako mwenyewe. Tanzania wapo katika hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa MOI na CCBRT za Dar es Salaam, na KCMC ya Moshi, ambako pia kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha fani hiyo tangu 1981. Kenya, APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, kina karakana za vifaa hivi.

Siku ya kwanza livae saa moja tu, livue, kagua ngozi. Siku inayofuata saa mbili, na kadhalika, mpaka ufike siku nzima baada ya wiki moja au mbili. Vaa soksi ndefu ya pamba isiyo na mkunjo. Kisigino kikae chini kabisa ndani ya banzi kabla ya kufunga mkanda. Wekundu usioondoka ndani ya nusu saa ni sababu ya kurudi kwa fundi. Usijikatie plastiki mwenyewe.

Kama banzi bado halijapatikana na mguu umelegea bila kukakamaa wala kidonda, fundi cherehani anaweza kukushonea kitu cha muda. Mkanda mpana wa begi wenye velkro uzunguke mguu juu ya kifundo, laini kwa ndani. Mbele yake ishonewe lastiki pana yenye kulabu ndogo, na kulabu ishike kwenye kamba za kiatu karibu na vidole. Rekebisha ukiwa umeketi, unyayo na mguu vikifanya pembe mraba. Mkanda usibane hadi kuacha alama nzito.

Kandambili na viatu vyote visivyo na mshiko wa nyuma viwekwe kando kabisa, hata ndani ya nyumba. Raba za kamba, kisigino kifupi, soli isiyonata mno; raba za mitumba zinafaa, na ukivaa banzi chagua kubwa kwa saizi moja, au toa soli laini ya ndani. Jamvi na mazulia madogo yaondolewe njiani, waya wa TV uinuliwe, taa iwe karibu ya kwenda msalani usiku.

Fanyia mazoezi ya hatua kando ya meza ndefu au ukuta. Kisigino kwanza, kisha unyayo ushuke bila kelele. Sikiliza: hatua mbili zikilingana mlio, unafanya vizuri. Vuka fimbo zilizolazwa chini, halafu zilizoinuliwa kidogo. Bakora ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima. Ukipanda ngazi au daladala tanguliza mguu mzima. Ukishuka tanguliza dhaifu, na usikubali kuharakishwa na kondakta, shuka gari likiwa limesimama. Mwenye mguu wa kulia dhaifu asiendeshe gari mpaka apimwe: unyayo usiohisi pedali ni hatari kwa wengi.

Kwa aliyepata kiharusi

Mambo mawili yanatofautiana. Kwanza, baada ya majuma kadhaa mguu unaweza kuacha kulegea ukaanza kukakamaa, unyayo ukisukuma chini na kupinda ndani, pengine kifundo kikatetemeka chenyewe. Hapo nyoosha taratibu mno na ushikilie kwa muda mrefu. Kushtua kwa haraka huzidisha ukakamavu. Kutetemeka hutulia ukikanyaga kisigino na kuweka uzito juu yake. Ule mto wa usiku ukisukuma sehemu ya mbele ya unyayo unaweza kuchochea ukakamavu, kwa hiyo banzi ni bora. Ukakamavu mkali una sindano zake za kulegeza msuli, zinazotolewa na daktari na kufuatiwa na mazoezi.

Pili, mashine ya umeme inayoinua unyayo kila unapopiga hatua inaweza kusaidia kweli, kwa kuwa neva ni nzima. Kwa mtu ambaye neva imekatika, mashine hiyo haina cha kuamuru. Nasema hivi kwa sababu familia huuza mbuzi ili kulipia umeme na taa nyekundu za joto kila siku, huku hakuna aliyewaonyesha kunyoosha kisigino. Taa ya joto juu ya mguu wenye ganzi huunguza. Chumvi ya moto na matofali ya moto ni vivyo hivyo. Kuchua kwa upole na mafuta hakuna ubaya, mgonjwa anafarijika, lakini usikandamize nundu ya nje ya goti.

Kusubiri hadi lini?

Neva iliyobanwa tu bila kukatika ndani hurudi katika wiki kadhaa hadi miezi mitatu hivi. Nyuzi zake zikiwa zimekufa, huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 3 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe: jeraha la gotini liko karibu na msuli, hivyo ni suala la miezi. Jeraha la takoni liko karibu nusu mita kutoka hapo, na milimita 500 ni zaidi ya mwaka na miezi minne, na si kila wakati neva hufika. Kipimo cha umeme wa neva na misuli, kikifanywa baada ya wiki tatu au nne tangu kuumia, humwonyesha daktari ni hali ipi kati ya hizo. Kama neva ilikatwa kwa panga au kioo, iungwe mapema. Na kama miezi mitatu imepita bila hata ile dalili ya namba 1, omba rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji. Usisubiri mwaka uishe.

Ikishindikana kabisa, kuna upasuaji wa kuhamisha kano. Msuli unaogeuza unyayo ndani, ambao kwa kawaida hubaki mzima neva ikiumia gotini, hupitishwa mbele na kushonewa pale utakapoinua unyayo. Umefanyika kwa miaka mingi kwa watu wenye ukoma, na wengi wameachana na banzi. Lakini daktari atataka kifundo kinachopinda vizuri, ngozi isiyo na kidonda na msuli huo wenye nguvu ya 4 au zaidi. Kwa hiyo anayengojea upasuaji aendelee na hatua ya tatu bila kuruka siku, na auimarishe msuli huo kwa mpira uliofungwa upande wa nje, akigeuza unyayo ndani.

Baada ya upasuaji kuna plasta kwa wiki sita hivi. Ikitolewa, usivute unyayo chini kwa nguvu wala usinyooshe kano mpya. Keti, waza kugeuza unyayo ndani kama zamani, na utaona ukipanda. Fikra hiyo ya zamani ndiyo inayouamsha msuli katika kazi yake mpya. Rudia mara 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku, kwanza bila kukanyagia, kisha ukiwa umesimama kati ya viti viwili, kisha kwa hatua fupi. Banzi liendelee kuvaliwa usiku kwa miezi michache, mpaka mtaalamu wako aruhusu kulivua.